Mwita Kesi Aliyeruka Jina Moja

Jengo la mahakama ya zamani bado limesimama, ila siku hizi wameligeuza ofisi za vibali, na pale tulipokuwa tukisimama kwa adabu pana mashine ya kutoa namba. Mtu anachukua kikaratasi, anakaa, anatazama simu yake, na namba ikimulika ukutani anainuka kama aliyebonyezwa. Hakuna anayeitwa kwa jina. Vijana wanasema ni maendeleo. Haya. Mimi nilifanya kazi humo miaka thelathini na moja nikinakili hukumu, kwanza kwa mkono, baadaye kwa taipureta, na elimu yangu yote niliiokota humo humo, katika majalada na magazeti ya serikali yaliyotupwa. Sitarajii mwenye shahada anisikilize. Lakini wanapokuja watu na kamera zao kuuliza habari za mizuka ya jengo lile, wakajibiwa na walinzi walioajiriwa juzi, damu inanichemka.

Wanaambiwa kuna taipureta inayojiandikia yenyewe. Ingekuwa inajiandikia ningeiachia kazi nikaenda kulala. Wanaambiwa kuna mwanamke dirishani, na madirisha yale yamekaa juu kiasi kwamba huyo mwanamke angehitaji ngazi. Hayo ni porojo. Kilichokuwamo humo kilikuwa kimoja, na siwezi kukieleza ila kwa kumweleza mtu kilichomshika: mwita kesi wetu, ambaye sote tulimwita Tarumbeta.

Kwanza jengo. Lilijengwa na watawala wa kigeni kwa mawe meusi yaliyochongwa na wafungwa. Juu ulikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye dari ya mbao. Upande wa kulia palikuwa na kizimba cha mshtakiwa, na nyuma ya kizimba ngazi ya mawe yenye vidato kumi na vinne, ikishuka hadi kwenye selo mbili zisizo na dirisha. Mahabusu walipanda kutoka kule kama watu watokao kisimani. Na neno lolote ulilosema ukumbini lilishuka ile ngazi, likakaa kidogo, kisha likarudi limelowa. Sijui namna nyingine ya kulieleza.

Kazi ya mwita kesi ilikuwa hii. Alisimama mlangoni, mgongo kwa hakimu na uso uwanjani, akaita jina la mtu na la baba yake mara tatu. Kati ya wito na wito aliacha nafasi ya kuvuta pumzi mbili, ili aliye mbali apate kusikia. Aliyesikia alijibu "Nipo" akaingia. Asiyejibu mara ya tatu, hakimu aliandika, na kama ni mshtakiwa, hati ya kumkamata ilitoka papo hapo.

Tarumbeta aliumbwa kwa kazi hiyo. Alikuwa na kifua kama pipa, shingo fupi, na koti la kaki alilolipiga pasi mwenyewe kila asubuhi. Mkewe alilalamika kwamba mumewe akiomba chumvi mezani, majirani wanaitika. Lakini hakuwa mpayukaji. Aliliita jina la mchoma mkaa kama alivyoliita la mwenye duka kubwa, silabi kwa silabi, na nimeona watu walioingia pale wamejikunyata wakinyoosha migongo kwa kuitwa vile tu. Nani anaitwa hivyo leo?

Tena alikuwa na penseli. Kila asubuhi kabla ya saa tatu alipita kwenye mabenchi ya barazani na orodha ya kesi mkononi, akiuliza mmoja mmoja.

"Huyu wa shauri la mpaka wa shamba hajafika?"

"Huyo tulimzika wiki iliyopita, mzee."

"Poleni sana. Poleni." Kisha alilipiga lile jina mstari wa penseli, na siku hiyo halikuitwa.

Watu walidhani ni utu, na utu ulikuwamo. Lakini sisi wa ndani tulijua sababu nyingine, ambayo alirithishwa na mwita kesi aliyemtangulia, mzee mmoja mkimya. Mzee huyo aliwahi kumwita bibi mmoja mdai, asijue kwamba bibi amefariki alfajiri ile njiani akija. Mara ya tatu akajibiwa "Nipo", wazi kabisa, na karani akaandika kwamba mdai amefika. Hakimu alipoinua macho, benchi la wadai lilikuwa tupu. Sauti ilikuwa imetoka ngazini. Yule mzee aliomba kustaafu mwezi uleule, na siku anakabidhi koti alimwambia Tarumbeta jambo moja tu: "Humu ndani, marehemu usimwite. Mahali hapa hapajui kwamba amekufa. Pakisikia jina, panamleta."

Mimi nilicheka niliposimuliwa. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vitatu na nikajiona mjuzi.

Sasa nije kwa mdogo wake. Tarumbeta alikuwa na mdogo wake mmoja tu, fundi wa baiskeli, mcheshi, mwembamba, mwenye pumu tangu utotoni. Akagombana na jirani juu ya mfereji wa maji machafu, akampiga ngumi, jirani akashtaki. Kosa dogo la kumalizwa kwa onyo. Siku ya kesi ukumbi ulifurika na joto likawa kali, kifua kikambana yule fundi, akatoka kwenda nyuma ya jengo penye bomba, apumue na kunywa maji. Kila mtu aliyekuwa barazani alimwona anakwenda. Tarumbeta pia alimwona.

Kesi yake ilipofika, Tarumbeta alisimama mlangoni na kuita. Mimi nilikuwa mezani kwangu, hatua nne kutoka kwake. Aliita kwa sauti ya mtu anayemwomba mwenzake amsogezee karatasi. Mara tatu, pumzi mbili mbili katikati, kila kitu kwa utaratibu, ila sauti haikuvuka kizingiti. Nilijua kwa nini. Jina la baba lilikuwa la baba yake yeye pia, na uwanja mzima ungejua kwamba mshtakiwa wa ngumi na maji machafu ni ndugu yake Tarumbeta mwenye koti la kaki. Alitaka lipite kimya. Nadhani alitumaini hakimu angeahirisha. Hakimu hakuahirisha. Nami nilisikia, nikainama nikaendelea kunakili.

Baada ya nusu saa fundi alikuja mbio, akihema. Askari walimkamata mlangoni wakamshusha chini alale huko, afikishwe kizimbani kesho yake. Jioni Tarumbeta alishuka kumwona.

"Kaka," mdogo wake akamwuliza kwenye nondo, "uliniita kweli?"

"Nilikuita mara tatu."

"Basi ni masikio yangu haya," fundi akasema, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Kulipopambazuka alikuwa amekufa. Mkuu wa selo aliogopa maswali, karatasi za kukamatwa kwake zikapotea, na maiti ikapewa ndugu kimyakimya. Jaladani yule fundi akabaki mtoro: hati ya kumkamata imetolewa, hajapatikana. Mjane wake alipomwendea Tarumbeta kuuliza ilikuwaje mumewe akaitwa asiitike, alijibiwa vilevile. Niliita mara tatu, shemeji. Mama yule akalea watoto wanne waliokuwa wakizomewa njiani, "Mtoto wa mtoro! Mtoto wa mtoro!" Tarumbeta aliwasaidia kwa kila kitu, na kila Jumapili alikula kwao. Watu wakasema hakuna shemeji kama huyu.

Kesi ya mtoro haifi. Kila miezi michache ilirudi kwenye orodha ili itajwe. Kwa miaka kumi na moja karani wetu wa zamani, aliyejua yote, aliliandika lile jina chini kabisa kwa mwandiko mdogo, Tarumbeta akalipiga mstari, hakimu mwenye usingizi akaahirisha. Niliwahi kumwuliza Tarumbeta kwa nini wasilete tu cheti cha kifo yakaisha.

"Nikileta cheti wataniuliza alikufaje," akanijibu. "Wakiuliza alikufaje watauliza kwa nini alikuwa chini." Kisha akanishika mkono. "Na nikimwita, ataitika. Unaelewa? Huyo hatanyamaza kama wengine. Huyo ana swali."

Hapo sikucheka.

Kisha karani wa zamani akastaafu, akaja binti mmoja na kompyuta. Sina ugomvi naye, alikuwa mchapakazi, na ndiyo ilikuwa hatari yake. Aliingiza majalada yote, akachapa orodha safi, nakala moja ya hakimu, moja ya ukutani, moja ya Tarumbeta. Tena akatuma barua za wito nyumbani kwa kila aliyemo. Asubuhi ya orodha ya kwanza alimkuta Tarumbeta barazani akichora.

"Mzee, mbona unanichorea karatasi?"

"Naondoa marehemu, binti yangu."

"Marehemu anaondolewa na cheti cha kifo, haondolewi na penseli."

"Cheti kitachelewa, na kesi ni leo."

"Basi ataitwa, hataitika, tutaandika. Kwani tukimwita atafanya nini, atakuja?"

Barazani watu waliangua kicheko. Tarumbeta alirudisha penseli nyuma ya sikio. Jina la mdogo wake lilikuwa la saba, herufi kubwa, halikwepeki.

Ndipo tulipomwona shemeji yake anapanda ngazi za nje, amevaa gauni lake la kutokea, barua mkononi.

"Shemeji, wamemwandikia marehemu barua," alisema. "Nimekuja kuwaambia."

"Rudi nyumbani. Nitawaambia mimi."

"Miaka kumi na moja umewaambia nini?" Alisema bila ukali, kama mtu anayeuliza saa. "Wewe ita tu. Ukishaita, nitasimama mimi niseme. Na wanangu wapate kupumzika."

Akaingia, akaketi benchi la mbele karibu na kizimba.

Kesi sita zilikwisha haraka kuliko nilivyowahi kuona. Kila moja ilipokwisha Tarumbeta alikunywa maji, na bilauri iligonga meno yake hadi hakimu akamtazama. Hakimu huyu alikuwa mpya, mwenye haraka, miwani puani. Askari wa selo, tuliyemwita Funguo kwa mzigo uliokuwa ukilia kiunoni mwake, aliegemea ukuta kwenye mdomo wa ile ngazi ya chini na kuchokonoa meno.

"Namba saba," akasema binti karani.

Tarumbeta akaenda mlangoni. Kutoka mezani kwangu niliona shingo yake imelowa hadi kwenye kola. Akaita. Haikuwa sauti, ilikuwa mkwaruzo.

"Sikusikii hata mimi niliyemo ndani," akasema hakimu. "Nimeambiwa unaitwa Tarumbeta. Ita vizuri, au tununue kipaza sauti."

Watu wakacheka. Akaita mara ya pili, na safari hii jina lilifika uwanjani, wauza chai wakageuka. Pumzi moja. Pumzi mbili. Nikajikuta nimezibana zangu.

Mara ya tatu aliita kama alivyopaswa kumwita siku ile. Lile jina lilijaza ukumbi, likapiga dari, likavuka uwanja hadi barabarani. Nilisikia likishuka ile ngazi nyuma ya kizimba, kidato kwa kidato. Likakaa.

Halikurudi. Badala yake, kutoka chini, nyuma ya migongo yetu sote, sauti nyembamba yenye mluzi wa kifua ikajibu:

"Nipo."

Binti karani, macho kwenye mashine, akapiga herufi zake: mshtakiwa yupo.

"Aletwe," akasema hakimu bila kuinua kichwa.

Hakuna aliyesogea. Funguo alikuwa ameshatoka pale ukutani, yuko katikati ya ukumbi, kijiti kimemganda mdomoni. "Mheshimiwa," akasema, "chini hakuna mtu. Leo sijapokea mahabusu hata mmoja. Mlango uko wazi na selo ni tupu."

"Nimesikia mtu amejibu."

"Nami nimesikia, Mheshimiwa. Ndiyo maana niko huku."

Mjane alikuwa amesimama. Ameshika barua kifuani kwa mikono miwili. "Ile ni sauti ya mume wangu," akasema.

Mimi ni mtu wa karatasi. Nilijiambia ni mwangwi, ni bomba, ni mlevi aliyejificha. Tukasikia kikohozi. Kisha unyayo, mmoja, juu ya kidato cha chini kabisa, kama mtu anayengoja kushikwa mkono.

Sheria ya zamani ilisema aliyeita ndiye anayemleta aliyejibu, kama aliyejibu hawezi kuja mwenyewe. Hakuna aliyemkumbusha. Tarumbeta aligeuka mlangoni, akapita kati ya mabenchi watu wakivuta magoti yao, akampita shemeji yake bila kumtazama, akashuka. Nilihesabu vishindo vya viatu vyake. Kumi na vinne.

Kisha sauti yake peke yake, ya chini.

"Ndiyo."

Kimya kirefu.

"Hapana, masikio yako yalikuwa mazima."

Mahali fulani maji yalidondoka.

"Niliona aibu," akasema. "Niliona aibu, mdogo wangu."

Hakimu akavua miwani. Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia taratibu. Halafu viatu vikaanza kupanda, na Mungu anisamehe, nilishika ukingo wa meza nikifikiri kwamba vikifika juu vitakuwa jozi mbili.

Alitokea peke yake. Uso ulikuwa wa jivu. Mkono wa kulia wa koti lake, lile alilolipiga pasi asubuhi, ulikuwa umekunjamana juu ya kiwiko, makunyanzi ya vidole vilivyoushika, tena una unyevunyevu. Hakwenda mlangoni kwake. Alipanda kizimbani, mahali ambapo mwita kesi hana ruhusa ya kusimama, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Mheshimiwa, mshtakiwa ni mdogo wangu. Alifia hapo chini miaka kumi na moja iliyopita. Hakuwa mtoro. Alikuwa nyuma kwenye bomba, nami nilimwona anakwenda. Nilipomwita niliita ndani ya mdomo wangu, kwa sababu sikutaka watu wajue ni wangu. Kitabu chenu kinasema aliitwa mara tatu. Hakuitwa."

Hakimu aliniuliza mimi, mtumishi wa zamani kuliko wote mle, kama ni kweli. Nilisimama, nikasema ni kweli, nilisikia. Ilinichukua miaka kumi na moja kusema neno hilo, na sidai sifa.

Mjane hakupiga kelele. Alimsogelea pale kizimbani mpaka mbao tu ikawa kati yao.

"Kila Jumapili," alisema. "Unakaa kwenye kiti chake. Mwanangu anarudi kutoka shule na jiwe limempasua uso, ameitwa mtoto wa mtoro, unamfuta damu. Unamfuta kwa leso yako. Unajua."

"Nilijua, shemeji."

"Jumapili usije."

Kisha akamgeukia hakimu, akataka iandikwe, wala si kwenye mashine tu, aandikiwe karatasi ya kushika mkononi awaonyeshe wanawe. Hakimu aliamuru. Niliinakili mimi mwenyewe kwa mkono, mwandiko wangu mzuri kuliko wote, kwamba mshtakiwa hakuitwa ipasavyo, kwamba hati ya kumkamata ilitolewa kimakosa, kwamba kesi imefutwa. Wino ulitapakaa mahali pawili kwa sababu nilikuwa nimeipa ngazi mgongo na sikuweza kutulia. Aliikunja, akaondoka bila kuaga.

Tarumbeta alivua koti siku hiyohiyo. Mwaka uliofuata walinunua kipaza sauti, chombo kinachowaita watu wote kama kinawakemea, na baada ya hapo mahakama ikahamia kwenye jengo la vioo. Selo zile mbili ziligeuzwa ghala la viti vibovu, na mpaka leo hakuna mfagizi anayeshuka huko bila mwenzake. Wakiulizwa wanasema ni kwa sababu ya nyoka.

Jumapili ile aliyokatazwa, Tarumbeta alikwenda. Alinisimulia mwenyewe, tumekaa kwenye ngazi za nje za mahakama, siku alipokuja kuchukua karatasi zake za kustaafu. Alibisha hodi asubuhi, hakufunguliwa. Akasikia viti vinavutwa ndani, wanakula. Akaketi kwenye kidato cha mlango, mgongo kwa mlango, akiogopa kugeuka.

"Kule chini nilijua atauliza nini," aliniambia. "Pale mlangoni sikujua."

Alasiri mlango ulifunguka nyuma yake. Alikuwa binti mkubwa wa marehemu, mwanamke mzima sasa, na kigoda mkononi. Alikiweka barazani, mbali kidogo na mlango, akasema, "Hapo sakafuni pana baridi, baba mkubwa," akarudi ndani, akafunga.

"Ukafanyaje?" nikamwuliza.

"Nikakikalia," akasema. "Mpaka jioni."